Dume Aliyenijibu Siku Nzima

Watu wote wa huku wanajua kwamba kaka yangu Arvid alianguka kutoka kwenye dungu la kuwindia akafa. Ni kweli. Alianguka saa mbili na nusu asubuhi hivi, tarehe kumi na sita Novemba, akakata roho saa mbili kasoro robo usiku. Hesabu mwenyewe hapo katikati zimepita saa ngapi. Wengi hawahesabu. Wanasema maskini Arvid, wananipa pole, wananimiminia kahawa. Mchana kutwa nilikuwa hatua mia nne kutoka alipolala, na sikwenda. Nataka kusema kwa nini sikwenda, maana mwaka wa saba huu napewa pole na nimechoka nazo.

Mimi ni Waino Kestila na kulungu nawajua. Sijisifu, uliza yeyote kutoka hapa mpaka ziwani. Miezi kumi na moja kulungu dume ana akili kukushinda wewe. Anatembea usiku, analala mahali ambapo upepo unamletea harufu yako kabla hujafika, akisikia kijiti kinavunjika ameshaondoka. Ikiingia wiki ya pili ya Novemba akili yote inamtoka. Hali, halali. Shingo inamvimba. Anachubua miti kwa pembe, anakwangua ardhi kwa kwato na kukojoa hapohapo ili majike wapate habari zake. Anatembea mchana kweupe, pua chini, akifuata jike aliye tayari, na kila hatua anaguna, uu, uu, uu. Nimeshamwona dume akipita mbele ya kiwanda cha mbao mashine zikinguruma, wala hana habari.

Nilikuwa na filimbi. Naiita filimbi, lakini haina mluzi. Niliichonga mwenyewe kwa kipande cha mwerezi, nikatia ulimi mwembamba ndani, na ukiipuliza inatoa mguno wa dume sawasawa. Dume mwingine akisikia anadhani kuna mshenzi anamwibia jike, anakuja mbio kupigana. Ndiyo kazi yake, basi, hakuna nyingine.

Lakini kuna siku ambayo dume haji. Jike akiwa tayari kabisa, dume humpeleka kwenye kichaka kizito akamkalia hapo siku nzima, wakati mwingine siku mbili. Hatoki ng'o. Ukimpigia filimbi atakujibu, maana wivu anao, ila hamwachi jike aje kwako. Anaguna palepale. Kosa kubwa unaloweza kufanya ni kumfuata. Ukiingia kichakani jike anaruka, dume anaruka nyuma yake, na ndiyo kwaheri ya kuonana mwakani. Dawa yake ni kukaa. Unakaa mpaka jike apate kiu atoke, na dume atatoka nyuma yake. Hili nilimfundisha kila mtu aliyewahi kulala kwenye kambi yetu, na nilifundisha kwa kelele.

Ndiyo maana kambini tulikuwa na sheria moja ambayo ilikuwa yangu. Siku tano za kwanza za msimu wa bunduki, hakuna kushuka dunguni kuanzia giza hadi giza. Hakuna cha kahawa, hakuna cha kunyoosha miguu. Haja ndogo unayo chupa. Mtu mmoja akitembea msituni saa nne anamfukuzia mwenzake kazi ya mwaka mzima. Ukiwa na shida ya kweli unapiga risasi tatu hewani, tunakuja. Bila risasi tatu, hakuna kuondoka.

Tulikuwa watatu. Mimi, Arvid aliyenizidi miaka minne, na Dale Perttu, jirani yetu, mtu wa maneno machache anayepika vizuri kuliko wake zetu wote, japo usiwaambie. Miaka mitatu kabla ya hapo, Arvid alivunja sheria. Saa nne asubuhi alishuka dunguni kwenda kambini kupasha kahawa, maana yake ilikuwa imepoa, na njiani akamkurupusha jike mmoja na dume nyuma yake, dume wa pembe zenye ncha kumi ambaye nilikuwa namngoja tangu kiangazi. Niliona mkia mweupe tu unapotea.

Ala! Niliwaka siku ile. Kwetu mtu akikosa shabaha tunamkata upindo wa shati na kuupigilia ukutani, jina lake chini. Arvid hakuwa amefyatua hata risasi moja, lakini nilichukua mkasi nikamkata shati la sufu alilonunuliwa na mkewe, nikapigilia kipande juu ya jiko na kuandika KAHAWA. Miaka mitatu kile kitambaa kilikaa pale, na miaka mitatu sikumwachia apumue. Kila akishika kikombe nilikuwa na neno. Yeye alikuwa anacheka. Arvid alikuwa mtu wa kucheka, ndiyo shida yake. Hukuweza kujua limemwingia au halijamwingia.

Mwaka huo, siku tulipokuwa tunapakia pikapu, shemeji yangu Bernice, mke wa Arvid, alitoka nje na kitambaa cha jikoni kiunoni, akanivuta pembeni.

"Shemeji, huyu mzee magoti yake si yale unayoyajua. Juzi kateleza kwenye ngazi ya ghorofani, kanificha, nimemwona na mkwaruzo."

"Sasa unataka nimbebe mgongoni?"

"Nataka unirudishie akiwa mzima. Sitaki kulungu. Friza imejaa wa mwaka jana bado."

"Utarudishiwa," nikasema. "Na kulungu juu."

"Waino, sitanii. Nakukabidhi."

Nikamwambia ameshanikabidhi miaka thelathini, kwani lini nimempoteza? Akanipiga na kile kitambaa begani, tukaondoka. Hivyo ndivyo nilivyomchukua.

Siku ya kwanza ya msimu haikuwa na kitu. Jioni tulioga bafu la mvuke, tukakaa mezani nusu uchi, wekundu wote, tukila mikate ya nyama na viazi ambayo Bernice alitufungia. Dale akauliza nani atakaa dungu la kinamasini kesho, lile la ukingoni mwa mierezi, maana upepo ungegeuka. Lilikuwa dungu zuri na refu, futi kumi na nane kwenda juu, mbao tulizipigilia sisi wenyewe.

"Mimi," akasema Arvid.

"Wewe?" nikasema. "Pale hakuna mgahawa, kaka. Itakuwaje saa nne ikifika?"

Dale akacheka puani. Arvid akageuka kukitazama kile kitambaa ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Kesho nitakaa mpaka niote mizizi. Mtakuja kunishusha na msumeno."

"Maneno hayo. Saa nne kamili nitasikia vikombe vinagongana."

"Waino," akasema, na safari hii hakucheka, "kesho hutanisikia kabisa."

Ningeweza kusema hapa kwamba nilikumbuka magoti yake. Sikukumbuka. Nilifurahi kwamba hatimaye limemwingia.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali na theluji ya vidole viwili. Tuliachana kwenye njia panda kukiwa bado giza. Dale alipanda kilimani, mimi nikaenda dungu langu kwenye mialoni, Arvid akashuka kinamasini. Aliniwekea mkono kwenye kofia ya chungwa, tunayovaa sote tusipigane risasi, akaisukuma chini mpaka machoni, alivyokuwa ananifanyia tangu tukiwa watoto, akaenda zake. Nilisikia viatu vyake kwenye theluji kwa muda, kisha kimya.

Ilipofika saa tatu hivi, nikasikia mguno.

Ulitoka kinamasini, ndani kwenye mierezi, upande wa Arvid. Mfupi, mzito, wa chini. Uu. Kimya. Uu. Moyo uliniruka. Nilingoja usikike unasogea, lakini haukusogea. Nikatoa filimbi kifuani, nikapuliza mara mbili.

Ukajibu. Uu, uu, uu, harakaharaka, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mungu wangu, nilivyofurahi. Nilijua papo hapo ninachokisikia. Dume mkubwa, amemkalia jike kwenye mierezi, ananijibu kwa wivu na hatoki. Miaka arobaini ya msituni ilinipa jibu hilo kwa dakika moja, na sikuwa na shaka hata chembe. Nilitulia nikaanza kazi. Unapiga kidogo, unaacha robo saa, unapiga tena. Usimchoshe. Kila nilipopiga, alinijibu. Nilipokaa kimya muda mrefu, alianza yeye.

Nilimfikiria Arvid pia, usidhani sikumfikiria. Nilijua dungu lake liko karibu zaidi na ile sauti kuliko langu. Nikasema moyoni, kaa hapohapo kaka, usitingishike, yuko chini ya miguu yako. Ilipofika saa nne nilitega sikio nisikie kama anashuka kwenda kahawa. Hakushuka. Nikasema, afadhali, amejifunza.

Saa sita akapita dume mdogo wa pembe za ncha mbilimbili, anatoka upande wa kilima, pua chini. Alipofika karibu na kinamasi akasimama. Uu, ikaja sauti. Yule mdogo akainua kichwa, masikio mbele, akanusa, akapiga mguu chini mara mbili, akageuka na kukimbia mkia juu. Nilicheka peke yangu. Nikasema, umemwona mwenye mji, dogo, ukakumbuka kwenu. Kulungu anayemwogopa dume mwenzake huondoka kwa kujikunja, taratibu, mkia chini. Anayekimbia mkia juu amenusa mtu. Hilo nalo nilikuwa nawafundisha watu kwa kelele. Nililiona kwa macho yangu nikalipa maana niliyoitaka.

Mchana sauti ilipungua. Ilikuja kwa nafasi, dhaifu, wakati mwingine mguno mmoja tu kwa filimbi tatu. Nikasema amechoka, siku ya pili hiyo hajala. Hapo nikaanza kumkasirikia Arvid. Mbona hapigi? Amelala huyu mzee? Dume yuko puani pake toka asubuhi na yeye kakaa kama gunia! Nilimtukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo sitayarudia. Nilikuwa nimeshatunga hotuba yote nitakayompa usiku mezani, na jinsi Dale atakavyocheka.

Saa kumi na moja kasoro kidogo jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya misonobari. Nilibaki na nusu saa ya mwanga. Upepo ulikuwa unanijia usoni kutoka kinamasini, vizuri kabisa, na theluji ilikuwa imelainika haina kelele. Nikatazama chini, nikatazama mierezi. Nikashuka.

Ndiyo, mimi. Mwenye sheria. Arvid nilimkata shati kwa ajili ya kahawa, na mimi nikashuka kwa ajili ya pembe. Naomba hili lieleweke, kwa sababu watu husema "ulivyoona kaka yako kakawia, ukaenda kumtafuta." Hapana. Sikuwa namtafuta mtu. Nilikwenda kuua dume kabla Arvid hajaamka akamuua yeye.

Nilinyata. Hatua, kusimama, hatua. Kwenye ukingo wa mierezi nilipiga magoti nikapuliza kidogo sana, kwa siri. Akajibu palepale mbele yangu, hatua thelathini hazifiki. Kulikuwa na kitu kikavu katika ule mguno, mwishoni, lakini nilikuwa nimeshainua bunduki. Nikatia jicho kwenye darubini. Matawi, shina, matawi. Kitu kikasogea chini kabisa karibu na theluji. Nikaweka kidole kwenye kifyatulio. Kikasogea tena, na nikaona rangi ya chungwa.

Ilikuwa kofia yake.

Sijui nilivyofika. Arvid alikuwa amelala ubavu chini ya dungu lake, mguu mmoja umegeukia upande usiostahili, ndevu zake zimeganda damu. Theluji iliyomzunguka ilikuwa imekwanguliwa kwa mkono mmoja, umbali wa mkono tu, ndipo alipoweza kufika. Juu kabisa, kwenye msumari wake, bunduki ilikuwa inaning'inia bado. Ubao wa kusimamia ulikuwa na barafu, na alama moja ya kiatu imeteleza. Alisimama mara moja tu, pengine akojoe kwenye ile chupa.

Nikavua koti nikamfunika. Nikapiga risasi tatu hewani. Macho yake yalikuwa wazi.

"Waino," akasema. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi tu, na kila neno lilianza na ule mguno. Mbavu zilikuwa zimemchoma pafu. Hakuweza kupiga kelele. Alichoweza ni kile nilichokuwa nakisikia tangu saa tatu.

"Usiseme kaka. Dale anakuja. Tunakutoa."

"Nilikusikia." Akapumzika. "Kila ukipiga... najibu. Nikasema... kanisikia. Anakuja."

Nikamkaza koti shingoni.

"Ulizunguka?" akauliza. "Maji yalikuwa mengi... ukazunguka?"

Kinamasi kilikuwa kimeganda. Hakukuwa na maji wala pa kuzunguka. Alikuwa ananitafutia sababu. Alikuwa amelala pale kwa zaidi ya saa nane, na alikuwa amenitunzia sababu tayari ili nisipate taabu ya kuitafuta.

"Ndiyo," nikasema. "Nilizunguka."

"Sikushuka, unaona," akasema. Nadhani alijaribu kucheka. "Si kwa... kahawa."

Dale alifika anahema. Tulimlaza kwenye sleji ya bati tunayoburutia kulungu, tukamfunga kwa kamba zilezile, tukamvuta mpaka kwenye pikapu. Nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani kwangu, Dale anaendesha. Kwenye njia ile ya malori ya magogo usiku, kila shimo alikuwa anaguna na mimi nilikuwa naifinya ile filimbi ndani ya shati mpaka ikanichubua. Kabla ya daraja alimwambia Dale kupitia dirisha la nyuma, maneno yote yamekatikakatika, "Mwambie Bernice Waino alikuwa ananiitikia. Siku nzima. Sikuwa peke yangu." Tulipofika upande wa pili wa daraja alikuwa amekwenda. Dale alisimamisha gari. Ilikuwa saa mbili kasoro robo.

Alizima taa. Baadaye akasema bila kunitazama, "Ile filimbi yako ilikuwa inafika mpaka kilimani. Nikasema Waino leo ana dume." Akawasha gari. Dale ni mwindaji kama mimi. Hakuuliza kitu usiku ule, na mpaka leo hajauliza, ila kambini hatukurudi tena.

Lakini ujumbe aliufikisha, kwa sababu aliagizwa na mtu anayekufa. Nilikuwepo jikoni kwa Bernice akiutoa. Bernice alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mezani. Halafu akainuka akaja akanikumbatia, mimi, akalia kwenye shingo yangu.

"Asante, shemeji," akasema. "Nilikuwa nawaza kalala pale peke yake. Asante kwa kumwitikia."

Palepale ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema, "Pole, shemeji," nikampigapiga mgongo. Mimi ni mwoga, na nilikuwa sijui mpaka siku ile.

Mazishi yalikuwa tarehe ishirini, saa nane mchana, kwenye makaburi ya kanisa letu pale juu, ambapo msitu unakuja mpaka kwenye uzio. Tulikuwa watu kama ishirini na tano, makoti meusi, theluji nyepesi inaanguka. Asubuhi yake Bernice alinipigia simu akaniomba nije na filimbi. Alitaka kumwekea Arvid mfukoni. Mchungaji alipomaliza, kabla sanduku halijashushwa, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Piga mara moja, shemeji. Aisikie kwa mara ya mwisho, ndipo nimpe."

"Bernice, hapana."

"Mara moja tu. Ilimweka hai siku nzima."

Watu walikuwa wananitazama kwa huruma. Wengine wanalia tayari. Dale alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaitoa, nikapuliza. Uu, uu, uu. Ilitoka safi. Nilichonga chombo kizuri. Wanawake wakashika vitambaa machoni.

Ndipo uzio ukalia.

Alikuwa dume wa pembe za ncha nane, shingo imevimba, povu mdomoni. Aliruka uzio upande wa juu, akasimama kati ya mawe ya makaburi hatua arobaini kutoka kwetu, akatutazama watu ishirini na tano na sanduku kama hatupo. Alikuwa anamtafuta dume mwenzake. Akanyoosha shingo, akaguna. Mguno uleule, wa chini, mfupi, mzito. Wote tuliusikia. Kisha akanusa upepo, akatambua alipo, akaruka akarudi alikotoka.

Mtu mmoja nyuma alisema, "Looo," kwa sauti ndogo. Mwingine akasema ni ishara, Arvid amekuja kuaga. Wakaanza kunong'ona hivyo, na wapo wanaosimulia hivyo hadi leo.

Bernice hakunong'ona. Bernice ni binti wa mwindaji na mke wa mwindaji, na amechuna kulungu wengi kuliko nilivyochuna mimi. Alikuwa anatazama pale dume aliposimama. Akanitazama mkono, akaitazama filimbi. Niliona anahesabu zile saa ambazo hakuna mtu anazihesabu, na niliona alipofika mwisho wa hesabu.

Akaja karibu kabisa, ili wengine wasisikie.

"Shemeji. Siku ile ulikuwa unamwita nani?"

"Dume," nikasema. "Nilidhani ni dume."

"Siku nzima."

"Siku nzima."

"Na yeye anakujibu."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele wala hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinyoosha mkono nikampa filimbi, akaishika kidogo, akaigeuza aone nilivyoichonga, na nikadhani anakwenda kuiweka sandukuni alivyotaka. Akanirudishia, akanifumba vidole juu yake kwa mikono yake miwili.

"Kaa nayo wewe," akasema.

Akarudi kusimama kando ya sanduku, akamwashiria mchungaji wateremshe.